Hati za makubaliano hazimfundishi mtu kuchomelea: chuo, mwajiri na serikali ya mkoa wanasikilizana lini?

Nyundo_na_Patasi (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Picha hii mnaifahamu. Mkuu wa chuo, mkurugenzi wa kiwanda na kiongozi wa mkoa wameketi nyuma ya meza yenye kitambaa, wanasaini hati, wanapeana mikono, makofi yanapigwa. Ushirikiano umezinduliwa. Ukirudi mwaka unaofuata kuuliza ni vijana wangapi wamepata kazi kupitia ushirikiano huo, unaambiwa kamati bado inapitia mapendekezo.

Sipingi ushirikiano. Napinga kuliita ushirikiano jambo ambalo hakuna aliyetoa chochote. Hoja yangu ni kwamba chuo, mwajiri na serikali ya eneo moja huanza kusikilizana pale mwajiri anapoweka mezani kitu kitakachomuuma akikipoteza. Kinaweza kuwa mashine, ada, fundi wake mzuri anayetolewa kazini ili akafundishe, au ahadi ya nafasi za kazi yenye idadi na tarehe. Asipoweka kitu, anakuja kikaoni kulalamika kwamba wahitimu hawajaiva, anakunywa chai, anaondoka.

Tazameni Penang, Malaysia. Eneo huru la viwanda la Bayan Lepas lilianza mwaka 1972, na makampuni ya elektroniki, Intel ikiwemo, yakaja kutafuta mikono ya kuunganisha vipande kwa gharama ndogo. Miaka ilivyosonga kazi ikabadilika. Mashine zikaanza kujiendesha, na viwanda vikahitaji mafundi wanaoelewa mtambo unawaza nini, si wa kushika bisibisi tu. Vyuo havikuwa na mashine hizo. Na kila kampuni iliogopa kufundisha peke yake, kwa sababu fundi akishaiva jirani anamchukua kwa nyongeza ndogo ya mshahara.

Mwaka 1989 wakaanzisha Penang Skills Development Centre, wenyewe wanaiita PSDC. Serikali ya jimbo ikatoa mahali, makampuni yakajiunga kama wanachama wanaolipa ada na yakaleta mashine. Hapa ndipo nataka mtulie: uongozi wa kituo ukashikwa na makampuni yenyewe. Washindani wa biashara wanakaa chumba kimoja na kukubaliana kozi gani ifundishwe. Mwanafunzi anakuta mashine ileile atakayoikuta kiwandani, maana imetoka huko. Serikali kuu nayo haikukaa pembeni. Kuanzia 1993 mwajiri wa kiwanda mwenye wafanyakazi 50 na zaidi akawa anachangia asilimia 1 ya mishahara kwenye mfuko wa mafunzo, na anarudishiwa fedha akifundisha watu wake. Ukikaa bila kufundisha, fedha yako inakaa huko.

Hofu ya kuporana mafundi haikuisha, lakini ilipungua makali kwa sababu gharama ilikuwa ya wote. Majimbo mengine ya Malaysia yakaanzisha vituo vya namna hiyo.

Karibuni mtie nyama. Wenye uzoefu wa vyuoni hasa, msinionee haya.

---

Kiti_cha_Nyuma

Nimekaa paleee na daftari langu. Ngoja waje wenye karakana.

---

Mkufunzi_Karakana

Mleta mada umeandika vizuri, ila umemsifu mwajiri kupita kiasi. Mimi nafundisha ufundi mitambo, niko upande wa pili wa hiyo meza.

Mwajiri ukimwachia mtaala peke yake, atakuomba umfundishie mtu wa kuhudumia mashine yake moja. Tuliwahi kukubaliana na kampuni moja hivyo. Kozi fupi, vijana wakaiva haraka, wakaajiriwa, kila mtu akafurahi. Kampuni ilipobadilisha mitambo, vijana wale wakarudi mtaani wakiwa na cheti cha mashine ambayo hakuna mwingine anayeitumia. Hawakuwa mafundi. Walikuwa wamefundishwa vitufe.

Wachumi walishalieleza hili zamani. Gary Becker, aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 1992, alitenganisha ujuzi wa jumla na ujuzi unaofaa kwa kampuni moja tu. Kampuni iko tayari kulipia ule wa pili, kwa sababu mfanyakazi hawezi kuondoka nao. Ule wa kwanza, unaomfanya kijana awe huru kutafuta kazi popote, kampuni haina hamu ya kuulipia. Sasa kijana anahitaji upi? Wa kwanza. Hapo ndipo maslahi yanapogongana, na hakuna kitambaa cha meza kinachoweza kuficha.

Ndiyo maana mimi huwa nawaangalia Wajerumani. Sheria yao ya mafunzo ya ufundi ni ya mwaka 1969. Mwanagenzi anakuwa na mkataba na kampuni, analipwa posho na kampuni hiyo, anakaa kazini siku tatu au nne kwa wiki, zilizobaki yuko shule ya ufundi inayoendeshwa na jimbo. Mpaka hapo mnaijua. Kinachosahaulika ni kwamba kampuni haina ruhusa ya kujitungia fani. Fani zinazotambuliwa ni zaidi ya 320, na kila moja ina kanuni ya nchi nzima iliyojadiliwa na waajiri, vyama vya wafanyakazi na serikali. Mtihani wa mwisho hausimamiwi na bosi wako bali na chemba ya biashara na viwanda, au chemba ya mafundi, na kwenye kamati ya watahini kuna mwakilishi wa waajiri, wa wafanyakazi na mwalimu.

Kwa hiyo mwajiri analipa, sawa. Lakini hajipangii peke yake kijana ajue nini. Nakuuliza, Penang nani alikuwa anamtetea kijana?

---

Nyundo_na_Patasi

Mkuu Mkufunzi, hapo umenibana. Jibu la kweli ni kwamba Penang vyama vya wafanyakazi havikuwa na sauti kwenye ile meza kama Ujerumani. Kilichomkinga kijana kidogo ni wingi wa makampuni. Kozi ambayo wanachama wengi wanaichangia haiwezi kuwa ya mashine ya mmoja, lazima ipande kwenye misingi: elektroniki, vidhibiti, usomaji wa michoro.

Singapore walikuwa na njia nyingine ya kulikabili hili. Miaka ya 1970 bodi yao ya maendeleo ya uchumi, ileile inayotafuta wawekezaji, ilifungua vituo vya mafunzo kwa ubia na makampuni: Tata ya India, Rollei ya Ujerumani, Philips ya Uholanzi. Kampuni ilikubali kufundisha watu zaidi ya iliowahitaji yenyewe, na wale wa ziada wakaenda viwanda vingine. Rollei ilianguka mwanzoni mwa miaka ya 1980, mafundi wake wakabaki kuwa mtaji wa nchi. Lakini nakubali: pale serikali ndiyo iliyokuwa imeshika mpini, na serikali ya namna ile haipatikani kila mahali.

---

Bi_Hesabu

Hadithi nzuri zote hizi, nashukuru. Swali langu ni lilelile siku zote: tutajuaje kwamba vijana hao wasingepata kazi hata bila ushirikiano? Ukichagua wanafunzi wazuri, ukawapeleka kwenye eneo ambalo viwanda vinakua, watafanikiwa tu, hata ukiwafundisha kusuka mikeka.

Kuna majaribio machache yaliyofanywa kwa njia ya bahati nasibu, yaani waombaji wenye sifa wanagawanywa, wengine wanaingia na wengine hawaingii, halafu wote wanafuatiliwa. Marekani, matokeo ya mashirika matatu ya mafunzo yanayolenga sekta maalumu yalitolewa mwaka 2010. Mojawapo lilikuwa la Milwaukee, lililozaliwa na vyama vya wafanyakazi na waajiri kwa pamoja. Katika miaka miwili ya ufuatiliaji, walioingia walipata kipato cha takriban asilimia 18 zaidi ya wenzao. Si muujiza, lakini kwa mafunzo ya kazi ni kikubwa, kwa sababu programu nyingi za kawaida zikipimwa hivyo zinatoka karibu na sifuri.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Project QUEST ya San Antonio, Texas. Mwaka 1990 kiwanda cha Levi Strauss kilifungwa na watu wapatao 1,000 wakapoteza kazi. Walioanzisha mradi hawakuwa serikali wala waajiri. Walikuwa vikundi vya wananchi, vingi vikitokea makanisani, ndio waliowafuata wenye makampuni na wanasiasa na kuwabana mpaka wakaahidi nafasi na fedha. Mradi ukaanzishwa 1992, masomo yakafanyika kwenye vyuo vya jamii vilivyokuwepo tayari, hawakujenga jengo jipya la kuzindua. Kila mwanafunzi akawa na mshauri wake, na akasaidiwa nauli, vitabu, ada ya malezi ya mtoto. Wengi walisomea kazi za afya. Utafiti wa bahati nasibu ukaonyesha faida ya kipato ikiendelea hata miaka tisa baadaye. Miaka tisa, jamani. Programu nyingi faida yake inayeyuka mapema mno.

Kwa hiyo Nyundo, hoja yako kwamba mwajiri aweke kitu mezani naikubali nusu. San Antonio mwajiri aliweka kitu kwa sababu kulikuwa na mtu mwenye nguvu ya kumfanya aweke.

---

Mkufunzi_Karakana

Nakazia hilo la nauli na malezi ya mtoto. Wanafunzi wangu wanaoacha masomo, wengi hawaachi kwa sababu hisabati ni ngumu.

---

Sina_Chama

Naomba kutofautiana na wote. Huu mtindo wote ni namna ya kuwafanya walipa kodi wagharamie mafunzo ya makampuni tajiri.

Jimbo la South Carolina kule Marekani ni miongoni mwa yaliyotangulia kuucheza mchezo huu kwa ustadi. Mwaka 1961, gavana akiwa Ernest Hollings, walianzisha vyuo vya ufundi pamoja na mpango wa mafunzo maalumu: kampuni ikikubali kujenga kiwanda, jimbo linatafuta watu, linawafundisha kazi ya kiwanda hicho, na kampuni inakabidhiwa wafanyakazi walio tayari. BMW walipotangaza mwaka 1992 kwamba wanakuja eneo la Spartanburg, mafunzo yalikuwa sehemu ya kifurushi, pamoja na nafuu za kodi. Gari la kwanza likatoka 1994.

Halafu majimbo jirani yanafanya hivyohivyo. Kampuni inakaa katikati inasikiliza nani ataongeza dau. Mnaliita maendeleo ya uchumi, mimi naliita mnada, na anayeuzwa ni mfanyakazi wa bei nafuu asiye na chama.

---

Nyundo_na_Patasi

Sina_Chama, kuhusu mnada uko sahihi, na sitaupamba. Ila tofautisha nafuu ya kodi na chuo. Kampuni ikihama, nafuu ya kodi imekwenda nayo. Vyuo vya ufundi vya South Carolina vimebaki, na vinahudumia hata duka la mtu mwenye vijana wanne. Nikilazimishwa kuchagua kitu cha kumpa mwekezaji, nitampa kile ambacho hawezi kukipakia kwenye kontena.

Isitoshe baadaye BMW yenyewe ikaanza kulipa: tangu 2011 ina mpango na vyuo vya eneo hilo ambapo mwanafunzi anasoma na kufanya kazi kiwandani kwa wakati mmoja. Kampuni ya Kijerumani ilianza kwa kupokea bure, ikaishia kufanya kama nyumbani kwao.

---

Sina_Chama

Ilifanya baada ya miaka karibu ishirini. Sawa.

---

Babu_Seremala

Wanangu, nimesoma kimya kimya. Nyote mmeanza na kiwanda kilichopo, halafu chuo kikakifuata. Kuna mahali chuo kilitangulia.

Mondragón, nchi ya Basque, Hispania. Padri José María Arizmendiarrieta alifika pale mwaka 1941, vita vya wenyewe kwa wenyewe vimekwisha juzi, watu hoi. Palikuwa na kampuni moja kubwa yenye shule ya mafunzo, ila nafasi zake zilikuwa chache. Akazunguka kuomba michango ya wakazi na mwaka 1943 akafungua shule ya ufundi, wanafunzi 20. Hakusubiri mwekezaji. Mwaka 1956 vijana watano waliopitia mikono yake wakawa wameanzisha kiwanda chao cha majiko, kikiwa ushirika wa wafanyakazi. Mwaka 1959 wakaongeza benki yao, na benki hiyo kazi yake kubwa ikawa kuzaa vyama vingine vya ushirika. Leo ni kundi lenye makumi ya maelfu ya wafanyakazi, na tangu 1997 wana chuo kikuu.

Sheria za ushirika kule zinataka sehemu ya faida iende kwenye elimu na huduma za jamii. Kwa hiyo chuo hakiendi kuomba. Kina fungu lake. Na msidhani ni peponi. Mwaka 2013 kile kiwanda cha vifaa vya nyumbani, mtoto wa kwanza kabisa, kilifilisika. Lakini wafanyakazi wengi wakahamishiwa vyama vingine ndani ya kundi.

---

Kiti_cha_Nyuma

Shikamoo babu. Hii imenigusa. Kwa hiyo tusingoje kiwanda?

---

Babu_Seremala

Marahaba mwanangu. Sikusema msingoje. Shule ile ilichukua miaka 13 kuzaa kiwanda, na ni mingi. Kiongozi gani wa leo atavumilia?

---

Mpita_Njia_77

Jibu la swali la babu liko Uingereza. Mwaka 1990 walianzisha mabaraza ya mafunzo na biashara yakiongozwa na waajiri wa kila eneo. Yakavunjwa 2001, likaja baraza moja la kitaifa la ujifunzaji na stadi. Nalo likafutwa 2010. Kuanzia 2011 wakaja na ubia wa biashara wa maeneo. Mwaka 2022 sheria mpya ikaleta mipango ya stadi ya kila eneo inayoandikwa na vikundi vya waajiri, na 2024 ule ubia wa 2011 ukakatiwa fedha na kazi zake zikahamishiwa serikali za mitaa. Katikati ya hayo, 2017, wakaweka tozo ya uanagenzi, asilimia 0.5 kwa mwajiri mwenye malipo ya mishahara yanayozidi pauni milioni 3, na idadi ya wanaoanza uanagenzi ikashuka badala ya kupanda. Makampuni mengi yakaitumia fedha kuwasomesha mameneja wao waliokuwa kazini tayari.

Mwajiri mwenye akili akiona vibao vya ofisi vinabadilishwa kila baada ya miaka michache, haji tena kikaoni. Na mimi simlaumu.

---

Mkufunzi_Karakana

Linganisha na SENAI ya Brazil, taasisi ya kufundisha mafundi wa viwandani: ilianzishwa 1942, asilimia 1 ya mishahara ya viwanda, inaendeshwa na shirikisho la wenye viwanda lenyewe. Imepita tawala za kijeshi na za kiraia, bado ipo. Rais Lula alisomea pale ufundi wa kukereza vyuma akiwa kijana. Wana kasoro zao, wanalaumiwa kwamba mahesabu yao si wazi vya kutosha, lakini kila mwenye kiwanda anajua mlango uko wapi.

---

Vuka_Mpaka

Mmejifungia kwenye mkoa mmoja mmoja. Mbona hamjagusa ushirikiano wa nchi na nchi? Mwaka 2018 Benki ya Dunia iliidhinisha mradi wa EASTRIP wa dola milioni 293, uliolenga kuunganisha vyuo 16 vya ufundi vya Ethiopia, Kenya na Tanzania. Wazo lilikuwa kila chuo kibobee kwenye kitu kimoja na kipokee wanafunzi kutoka nchi jirani: huku nishati ya jotoardhi, kule usafiri wa anga, kwingine ngozi. Badala ya kila nchi kununua mtambo uleule na kuuacha upate vumbi.

Kizuizi nakiona kwenye cheti. Kijana akisoma nchi jirani na mwajiri wa kwao asikitambue cheti chake, ubobezi wote unaishia kwenye ripoti.

---

Bi_Hesabu

Vuka_Mpaka, hilo la kugawana mitambo ghali lina mantiki. Ila mimi nina dukuduku lingine. Mifano yote hapa ina kampuni kubwa. Mahali ambapo waajiri wengi ni karakana za watu watatu wanne, nani ataketi mezani? Fundi akija kikaoni, karakana imefungwa siku hiyo.

---

Mkufunzi_Karakana

Swali zuri kuliko yote humu.

Uswisi, nchi ya biashara ndogondogo nyingi, sheria yao ya 2002 inatambua sehemu tatu za kujifunzia: kampuni, shule, na kozi za pamoja zinazoendeshwa na chama cha fani husika. Hiyo ya tatu ndiyo dawa. Karakana ndogo haiwezi kuwa na kila mashine, kwa hiyo mwanagenzi anatumwa wiki kadhaa kwenye kituo cha pamoja akajifunze yale ambayo bosi wake hana. Wajerumani wanacho kitu hichohicho kwa mafundi wadogo.

Na msiwasahau mafundi ambao hawajasajiliwa popote. Benin walifanya jambo la busara: badala ya kumtoa kijana kwa fundi wake na kumpeleka chuo, walimwacha palepale, akawa anakwenda kituo cha mafunzo kwa siku iliyopangwa, kisha anafanya mtihani wa kutambuliwa na serikali. Fundi hakupoteza msaidizi, kijana akapata karatasi. Vyama vya mafundi ndivyo vilivyokuwa mdomo wao mezani.

---

Nyundo_na_Patasi

Hilo la chama kuwa mdomo wa wadogo naliongeza kwenye hoja yangu. Sikuwa nimelipa uzito.

Na Bi Hesabu, umenifanya nirudi kwenye suala la nani anakaa kwenye kiti. Sheria ya Marekani ya 2014 inataka wafanyabiashara wawe wengi kwenye kila bodi ya ajira ya eneo. Kwenye karatasi ni safi. Lakini kiti hakigharimu chochote, kwa hiyo kampuni inaweza kumtuma yeyote. Mimi nikialikwa kwenye kamati ya namna hii, kitu cha kwanza naangalia cheo cha aliyetumwa. Akija ofisa mawasiliano, najua tutapata picha. Akija meneja wa uzalishaji, yule anayepigiwa simu usiku mtambo ukigoma, najua kuna kazi.

---

Kiti_cha_Nyuma

Mkuu, swali la mwisho kabla sijafunga daftari. Tuseme amekuja huyo meneja wa uzalishaji. Mnamuuliza nini?

---

Nyundo_na_Patasi

Aseme mtambo gani unasimama mara nyingi, na nani anayeutengeneza sasa hivi. Kisha aulizwe huyo fundi anastaafu lini.

---

Mkufunzi_Karakana

Na kama anaweza kutuazima huyo fundi siku mbili kwa wiki kabla hajastaafu. Akikataa hilo, hati asisaini.